Mwanangu nusura afe kwa korosho, na sasa shule inataka nimtoe

Asalaam aleikum mshauri,

Nakuandikia kutoka Kisauni, hapa Mombasa. Nina watoto wawili, msichana wa miaka minane na kichanga cha miezi mitano. Huyu mkubwa ana aleji ya njugu na korosho. Tulijua akiwa na miaka miwili, alipoonja kashata kwa jirani, midomo ikamfura na mwili mzima ukajaa mabaka ya kuwasha. Daktari alituambia asile njugu wala korosho, akatuandikia dawa ya chupa ya kumpa akiwashwa, na tangu hapo tukaishi kwa kuchunga. Ana pumu pia, lakini si ya kila siku.

Mwezi uliopita tulikwenda harusini Likoni, kwa watu wa mume wangu. Nilimwendea mpishi mwenyewe, mzee wa watu, nikamuuliza kama biriani ina njugu. Akaniapia haina, na kweli haikuwa nazo. Kumbe rojo lilikuwa limesagiwa korosho ili liwe zito. Mwanangu alikula matonge machache kwenye sinia la watoto, akaja kuniambia, "Mama, koo laniwasha." Kabla sijamnawisha mikono alianza kukohoa, kisha akatapika, sauti ikawa ya kukwaruza. Kila mtu akawa na lake. Huyu anamnywesha maziwa, yule anasema ni jicho, wifi yangu anamtembeza uani apate hewa. Mie nikampa ile dawa ya chupa, nikangoja imshike.

Ami yake akatutia garini, akasema twende hospitali kubwa kisiwani, za huku hazina kitu. Tukapanga foleni ya feri. Mshauri, feri ilipokuwa katikati ya maji mtoto alilegea mikononi mwangu, midomo imegeuka rangi, nami sina la kufanya ila kumwita jina. Tulipofika hospitali, ambayo sitaitaja, aliyekuwa dirishani akataka amana kwanza. Ami ahangaika na simu atume pesa, mtoto ahema kwa shida. Ni muuguzi mmoja aliyekuwa akipita ndiye aliyemwona, akambeba bila kumuuliza mtu, akamdunga sindano ya paja. Haikupita muda akaanza kuvuta pumzi na kunitafuta kwa macho.

Nilidhani taabu imeishia hapo. Nilipopeleka barua ya daktari shuleni, ambayo ni shule ya binafsi, mwalimu mkuu alinisikiliza, halafu akasema walimu wake si madaktari na hawatashika dawa ya sindano. Akasema ingefaa nimtafutie shule "inayoweza kumudu watoto wa namna hiyo", la sivyo nitie sahihi karatasi kwamba lolote likimpata shule haimo. Kwa sasa, wakati wa chakula huketishwa peke yake kwenye baraza ya ofisi. Anarudi nyumbani analia, ananiuliza amefanya kosa gani.

Nyumbani nako, mavyaa asema kwao hakuna mtu mwenye mwiko wa korosho, tena wao asili yao ni Kilifi kwenye mikorosho. Asema ninamdekeza, apewe kidogo kidogo atazoea. Naogopa hata kumwachia. Jirani naye kaniambia niache nazi, ati nayo ni jamii ya njugu. Nimeacha nazi kwenye kila kitu na sijui kama nafanya la maana. Na huyu kichanga je, nisimwonjeshe njugu maisha yake yote?

Mume wangu yuko melini. Kwenye simu aniambia nitie sahihi tu tusigombane na watu. Mwezi ujao ni harusi ya wifi yangu, na wameshanishauri mtoto nimwache nyumbani. Nishike lipi?

Mama Mwenye Hofu, Kisauni

*

Wa aleikum salaam dadangu,

Usitie sahihi karatasi hiyo. Nalitanguliza hili kwa sababu najua mtu akishachoka huona sahihi ni njia ya kununua amani, na mume wako aliye mbali anaona hivyo pia. Karatasi ya aina hiyo haimlindi mtoto hata chembe. Inawaambia watu wazima wote wa shule kwamba siku akianguka hakuna atakayeulizwa, na wewe unachohitaji pale ni mtu anayejua fika kwamba ataulizwa. Swali la binti yako nalo lijibu leo, kabla hajalala. Hajafanya kosa lolote. Mwambie hivyo hivyo, kwa maneno machache, na urudie kesho.

Sasa nirudi Likoni, maana hapo ndipo penye uhai wake. Kilichompata kinaitwa anafilaksia, yaani mzio (aleji) uliopita ngozi ukaingia kwenye pumzi na mzunguko wa damu. Kwa kawaida huanza dakika chache baada ya kula, mara nyingine hata baada ya saa moja au mbili. Mtoto mwenye mzio akishakula alichozuiliwa, kisha dalili zikashika zaidi ya sehemu moja ya mwili, tuseme mabaka na kutapika, au kutapika na kikohozi, usingoje ya tatu. Na pumzi ikibana au mtoto akilegea, hiyo peke yake yatosha, hata kama ngozi ni safi. Wapo wanaofikia hatua ya kuzirai bila kipele kimoja. Binti yako alikwambia mapema kuliko dalili yoyote: koo laniwasha. Watoto husema hivyo, au husema ulimi umekuwa mkubwa, au wanaogopa bila kujua wanaogopa nini. Neno hilo liaminiwe mara ya kwanza linapotamkwa, na waliomzunguka wafundishwe kuliamini.

Dawa ya hali hiyo ni adrenalini, ile sindano ya paja, kwenye msuli wa upande wa nje. Hufungua njia ya hewa, hupunguza uvimbe wa koo na kupandisha presha iliyoporomoka, na yote hayo huyafanya kwa dakika chache, kama ulivyoona kwa macho yako. Dawa ya chupa uliyokuwa nayo, iwe Piriton au setirizini, hutuliza muwasho na mabaka. Haifungui koo. Uliandikiwa dawa hiyo bila kuambiwa mpaka wake, na kina mama wengi mjini humu wako ulipokuwa, wana chupa kabatini na wanadhani wamejikinga.

Maziwa hayasaidii kitu, na mtoto anayetapika huku koo linafura anaweza kupaliwa nayo. La kutembezwa uani ndilo lililonitisha zaidi katika barua yako yote. Presha ikiwa imeshuka, kumsimamisha mgonjwa ghafla kunaweza kumzimisha palepale. Alazwe chali, miguu iinuliwe. Akishindwa kupumua akiwa amelala, aketishwe huku miguu imenyooshwa. Akizirai au akitapika, alazwe kwa ubavu. Asitembezwe, wala asitembee mwenyewe kwenda garini, abebwe.

Na feri. Watu wetu wa ng'ambo wana imani kwamba tiba ya kweli iko kisiwani, na kwa maradhi mengi hawajakosea. Kwa hili wamekosea. Adrenalini imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani na ya Kenya pia. Ni kichupa kidogo cha bei nafuu, na hakihitaji hospitali ya rufaa. Kinahitaji muuguzi, bomba la sindano na mtu wa kusema mtoto ana nini. Kwa hivyo kabla ya kwenda kulala au kula kwa watu, iwe Likoni, Mtwapa au Changamwe, piga simu siku mbili tatu mbele uulize: ni kituo gani cha karibu chenye adrenalini, na usiku kuna mtu? Andika jibu. Fanya hivyo kwa nyumbani Kisauni na kwa shuleni pia. Siku ya siku, mtoto adungwe kwanza ng'ambo ile ile mliko, kisha kama ni kuvuka mvuke. Na akishapata nafuu msikimbilie kurudi nyumbani, kwa sababu mzio unaweza kurudi saa kadhaa baadaye bila mtoto kula kitu kipya. Akae chini ya uangalizi mpaka daktari aridhike.

Rudi kwa daktari, tena daktari wa watoto ukimpata, ukiwa na ombi moja wazi: unataka mtoto awe na adrenalini yake mwenyewe. Ziko kalamu maalumu zenye dozi iliyokwisha kupimwa, mikrogramu 150 kwa mtoto wa kilo 15 hadi 30, na 300 kwa anayezidi hapo. Hukandamizwa pajani na hupenya hata juu ya nguo. Hapa Kenya hazipatikani kwa urahisi na ni ghali, kwa hivyo muulize waziwazi akikosa kalamu atakupa nini. Madaktari wengine humwandikia mzazi kichupa na bomba, wakamfundisha kuvuta kiasi kinachofaa kwa uzito wa mtoto. Ukikubali njia hiyo, fanya mazoezi mbele ya muuguzi kwa maji ya chumvi mpaka mkono usitetemeke. Adrenalini haipendi joto letu. Isiachwe garini wala dirishani, na isigandishwe kwenye friji. Iweke penye kivuli na ubaridi wa wastani, ndani ya kiboksi chake, kwa kuwa mwanga pia huiharibu. Ukiona maji yake yamekuwa ya hudhurungi au yana chembe, tafuta nyingine. Pumu nayo itibiwe sawasawa hata kama si ya kila siku, maana mtoto mwenye pumu isiyodhibitiwa ndiye anayezidiwa haraka mzio ukimshika kifua.

Ukiwa huko, omba apimwe upya, kwa ngozi au kwa damu. Mlijua njugu na korosho akiwa na miaka miwili, na tangu hapo mmekwenda kwa kukisia. Njugu ni jamii ya kunde, korosho ni tunda la mti, na mwili unaweza kukataa moja ukaipokea nyingine. Anayekataa korosho kwa kawaida hukataa na pista, ile ya kijani inayonyunyizwa juu ya halua na aiskrimu. Hilo hukuambiwa, nami ningeomba uanze kulichunga leo, kabla hata ya kipimo.

Kuhusu amana ya hospitali, wallahi nimeisoma sehemu hiyo mara mbili kwa uchungu. Kifungu cha 43 cha Katiba ya mwaka 2010 kinasema mtu yeyote asinyimwe matibabu ya dharura. Sheria ya Afya ya mwaka 2017 ikaongeza kwamba hospitali yenye uwezo wa kutoa matibabu hayo ikakataa imetenda kosa, na faini yake yaweza kufika shilingi milioni 3. Hakuna mahali palipoandikwa kwamba haki hiyo huanza baada ya kulipa. Safari nyingine, usianze dirishani. Pita moja kwa moja chumba cha dharura mtoto akiwa mikononi, useme kwa sauti: "Ana anafilaksia, amekula korosho, anahitaji adrenalini sasa hivi." Neno hilo la kitaalamu lina kazi yake, likitamkwa hakuna muuguzi atakayedhani ni mafua. Kwa yaliyopita, unaweza kulalamika kwa Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno, lenye mamlaka juu ya hospitali za umma na za binafsi. Yule muuguzi aliyembeba naye, ukimjua jina, mwandikie mkubwa wake barua ya shukrani. Watu kama hao huadhibiwa kwa kuruka foleni, na barua yako inaweza kumkinga.

Tuje shuleni. Kifungu cha 27 cha Katiba kinakataza ubaguzi, na kati ya sababu kilizozitaja kwa jina imo hali ya afya. Hakikuifunga serikali peke yake. Kinasema na mtu asimbague mwenziwe, moja kwa moja au kwa njia ya kuzunguka, kwa hivyo mwenye shule ya binafsi hawezi kusema hayamhusu. Kifungu cha 53 na Sheria ya Watoto ya mwaka 2022 vinataka maslahi ya mtoto yatangulie katika kila jambo linalomhusu. Kumwambia mzazi atafute shule ya "watoto wa namna hiyo" ni ubaguzi, na kumketisha mtoto barazani peke yake kila mchana ni kumwadhibu kwa maradhi.

Hata hivyo mwalimu mkuu ana hofu ya kweli ndani ya maneno yake, na ukiishughulikia hofu hiyo utapata zaidi kuliko ukianza na wakili. Anaogopa sindano. Mwalimu aliyesomea hesabu, akikabidhiwa kichupa cha kuvunjwa na bomba mbele ya mtoto anayehema, anaweza kushindwa, na sitaki kumlaumu mtu huyo. Ndiyo maana kalamu ni bora kwa shule kuliko kichupa, ukijaaliwa kuipata. Ikikosekana, basi mpango uwe wa kituo cha afya cha karibu: nani anambeba, kwa gari gani, nani anatangulia kupiga simu. Hilo halihitaji cheti cha udaktari.

Mwandikie barua ya ukurasa mmoja. Iwe na picha ya mtoto, vyakula anavyozuiliwa kila kimoja kwa jina lake, dalili kwa Kiswahili cha kawaida, hatua za kuchukua kwa mpangilio wake, na nambari za simu za watu watatu. Daktari aitie sahihi. Omba walimu wawili, mmoja asikose siku mwenziwe hayupo, waketi na muuguzi kwa saa moja waelezwe. Omba dawa iwekwe mahali panapojulikana na pasipofungwa kwa kufuli, kwa sababu nimesikia mara nyingi habari za ufunguo uliokwenda mjini na mwenyewe. Na omba arudi kula na wenzake. Hahitaji upweke, anahitaji meza iliyopanguswa, marafiki wawili watatu ambao mikebe yao haina njugu, na watoto wote kunawa kwa maji na sabuni baada ya kula. Sabuni hasa, sanitaiza haiondoi mabaki ya njugu mikononi. Darasa lielezwe pia, kwa lugha ya watoto. Wakielezwa, watoto huwa walinzi wakali kuliko sisi. Ukishalipata hilo, chukua barua ile ile uipeleke na madrasa.

Taja mwishoni mwa barua kwamba unaomba jibu la maandishi. Likichelewa au likiwa la kukufukuza, nakala ipeleke ofisi ya elimu ya kaunti ndogo, na wakikuzungusha nenda Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu, wana ofisi hapa Mombasa. Mzazi anayeuliza haya haombi hisani. Uingereza kuna msichana wa miaka 15, Natasha Ednan-Laperouse, aliyefariki mwaka 2016 kwa mkate uliokuwa na ufuta ndani ya unga wake, na karatasi ya nje haikutaja ufuta. Wazazi wake waliuliza, wakauliza tena, mpaka mwaka 2021 ikaanza kutumika sheria ya kuandika viungo vyote kwenye chakula kinachofungwa dukani humo humo kabla ya kuuzwa. Kwetu, kifungu cha 46 cha Katiba kinampa mnunuzi haki ya kupata habari za anachonunua na kulindwa afya yake, na kanuni za viwango za Afrika Mashariki zinataka pakiti ya chakula itaje njugu, korosho na jamii yake, maziwa, mayai, samaki, kamba, soya na ngano inapokuwa navyo. Soma pakiti ya biskuti kila unaponunua, hata ile uliyoizoea, maana viwanda hubadilisha viungo bila kupiga mbiu. Chakula cha karai na cha sufuria hakina pakiti. Hapo kuna mdomo wako tu, na mafuta ya mwenye kukaanga vitu vyote kwenye karai moja ni ya kuogopwa hata kama viazi vyenyewe havina neno.

Mavyaa wako. Mama huyu anampenda mjukuu wake, nalisema bila kusita, na hatari yake iko humo humo, kwa kuwa atampa kwa nia njema. Mzio hauhitaji kurithiwa kutoka Kilifi. Ni kinga ya mwili iliyokosea, ikaiona korosho kama adui, na hutokea kwenye ukoo ambao haukuwahi kuuona. Kuzoezwa kidogo kidogo kupo katika tiba, lakini hufanywa na mabingwa, kwa vipimo vya unga mdogo sana, mtoto akiwa chini ya macho yao na adrenalini iko mezani. Jikoni kwa bibi ni kumtia kitanzi. Usibishane naye. Mchukue siku ya kwenda kwa daktari, mkalishe mbele, na daktari amweleze yeye. Mtu mzima huheshimika kwa kuelezwa na mwenye elimu yake, na akishaelewa mpe kazi: yeye ndiye awe msemaji wa mtoto kwenye nyumba za jamaa. Bibi akisema "mjukuu wangu hali korosho", hakuna mpishi atakayembishia, ilhali wewe mke wa mtoto wao wataona unajidai. Mpaka siku hiyo ifike, usimwache naye peke yake wakati wa kula. Tafuta udhuru wa heshima, lakini usimwache.

Nazi irudishe. Ikiwa binti yako amekula wali wa nazi na mchuzi wa nazi miaka yote hii bila kudhurika, hakuna sababu ya kumnyima. Mnazi ni jamii moja na mtende, hauna udugu na mkorosho, na mzio wa nazi upo lakini ni wa nadra. Hata Marekani, waliokuwa wakiihesabu nazi pamoja na jamii ya korosho na lozi, waliitoa kwenye orodha hiyo Januari 2025. Cha kuogopa ni kashata ya nazi ya kununua, iliyokatwa kwa kisu kilichotoka kwenye kashata ya njugu na kupangwa sinia moja nayo. Tengeneza mwenyewe nyumbani.

Kichanga chako kina habari njema. Zamani wazazi waliambiwa wawafiche watoto njugu kwa miaka. Utafiti uliofanywa London na kuchapishwa mwaka 2015 ulifuata watoto wachanga 640 wenye ukurutu mkali au mzio wa mayai, nusu wakalishwa njugu tangu uchangani na nusu wakaepushwa. Walipofika miaka mitano, mzio wa njugu ulikuwa umepungua kwa takriban asilimia 80 miongoni mwa walioonjeshwa mapema. Kwa hivyo kumnyima huyu mdogo kwa hofu ya dada yake kunaweza kumletea kile kile unachokikimbia. Ila kwa kuwa nyumba yenu ina mzio tayari, na hasa kama ngozi yake ina ukurutu, daktari amwone kabla ya tonge la kwanza. Ipewe ikiwa imesagwa laini na kulainishwa, kamwe isiwe punje nzima, itamkaba. Mpangie mahali na wakati ambapo dada yake hayupo, na mikono na vyombo vioshwe kwa sabuni.

Na harusi ya wifi, binti yako aende. Avae nguo yake kama watoto wengine. Wiki moja kabla, wewe na mavyaa mwiteni mpishi, mumuulize viungo kimoja kimoja: njugu? korosho? lozi? pista? rojo limesagiwa nini? Mzee wa Likoni hakukudanganya, ulimuuliza njugu akakujibu njugu. Mwambieni kilichotokea, mpishi akijua mtoto nusura afe mkononi mwake atakuwa mwangalifu. Akikubali kupika bila korosho, vyema. Akisema hawezi, pika chakula cha mtoto nyumbani, ukibebe kwenye mkebe wake na kijiko chake. Kwa vyovyote vile, sinia la pamoja limpite kwa sasa, kwani mikono ya watoto hutoka kwenye halua ikaingia kwenye wali. Apakuliwe sahani yake wa kwanza kabisa, kabla upawa mmoja haujaanza kuzunguka sufuria zote, na aketi katikati ya binamu zake na sahani hiyo. Dawa iwe mkobani mwako, jina la kituo cha karibu liwe kwenye simu ya ami, na ami aelezwe mapema kwamba safari hii hakuna kupanga foleni ya feri kabla ya sindano.

Niandikie shule wakijibu, hata wakijibu vibaya.

Mshauri wako